Ardith Akifunga Gari Haongeleshwi

Haya nilisimuliwa na Nadine, jirani yetu katika kambi ya magari ya kuishi hapa jangwani Arizona, majira ya baridi ya mwaka juzi, tulipokuwa tunangoja nguo zetu zikauke kwenye mashine. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliambiwa na Ardith mwenyewe.

Ardith alifiwa na mumewe, Merle, kiangazi kilichotangulia. Nyumba yao ya Minnesota walikwisha kuiuza zamani, wakanunua gari-nyumba refu kama basi, lenye kitanda, jiko na choo, na nyuma yake wakawa wanavuta gari dogo jekundu la kwendea dukani. Basi mtoto wao Darrin akapanda ndege, akaja kambini, na mnunuzi wa gari-nyumba amekwisha kumpata.

"Mama, miaka yote baba ndiye aliyefunga gari dogo nyuma ya hili kubwa," alisema, huku anakula mayai ya mama yake. "Wewe ulikuwa unasimama nyuma unapunga mkono tu. Utaweza wapi?"

"Na wewe ulikuwa wapi ukaniona napunga?"

"Uza, mama. Njoo ukae kwetu. Chumba kipo."

"Kile cha chini, chenye baiskeli ya mazoezi?"

"Tutaitoa."

"Iacheni. Itakaa mle vizuri kuliko mimi." Ardith akatoa funguo, akaziweka mezani katikati yao. "Leo nafunga mwenyewe, naendesha mpaka kituo cha mafuta, narudi. Nikikosea, funguo ni zako, kauze. Nisipokosea, habari ya chumba cha chini sitaki kuisikia tena."

"Hata Krismasi?"

"Hata nikiwa kaburini."

Darrin akacheka, akakubali.

Sasa sisi watu wa magari haya tuna jambo letu moja. Mtu akiwa anafunga gari la nyuma, haongeleshwi, hata salamu hapewi. Pini moja ikisahauliwa, gari linakuponyoka barabarani na kuua watu. Na ukikatizwa huendelei ulipoishia. Unafungua kila kitu, unaanza upya. Darrin ni mtu wa ofisi, angelijulia wapi?

Ardith akainama. Akavuta chuma cha kuunganishia magari mawili, akatia pini, akapitisha minyororo. Majirani wakatoka na vikombe vyao vya kahawa, wakasimama kimya kama wako kanisani.

"Mama, hiyo pini imeingia kweli?"

Ardith akanyooka. Akachomoa pini, akafungua minyororo, akaanza tena.

"Mbona anafungua?" Darrin akawauliza watu. Hakuna aliyemjibu. "Mama, na goti lako hilo..."

Ardith akafungua tena, taratibu, bila kumtazama.

Aliposhauriwa avae glavu, akafungua mara nyingine. Hapo Nadine akaona jua litawachwea. Akamshika Darrin mkono, akamkalisha kwenye kiti cha kukunja, akamtia donati mdomoni.

"Tafuna, mwanangu. Ukimaliza lipo jingine."

Darrin akatafuna, na Ardith akafunga. Akaunganisha waya wa taa, akaweka gia ya gari dogo huru, akazunguka akigusa kila kitu kwa kidole. Kisha akapanda, Darrin kando yake, akawasha, wakaenda.

Kituoni alijaza mafuta vizuri, ila mbele yake lori la maji lilikuwa limeziba njia, dereva ameingia kula. Nyuma foleni ikaota.

"Si urudi nyuma?" Darrin akasema.

"Na hilo dogo halirudi. Ukilisukuma, magurudumu yanakwenda upande na chuma kinapinda."

"Haya sasa. Si nilikwambia?"

"Hujaniambia kitu. Sasa nafungua."

Akashuka, akafungua. Honi zikaanza. Mwanamume mmoja mwenye kofia pana akatoa kichwa dirishani: "Bibi, hapa si gereji!"

"Na wewe si polisi! Rudi nyuma kidogo unipe nafasi, halafu piga honi mpaka betri ife!"

Yule mtu akarudi nyuma, na wenzake nao. Darrin, masikio yamemwiva kwa aibu, akaruka ndani ya gari dogo, akalipeleka pembeni kwenye uwazi. Ardith akalitoa lile kubwa kinyumenyume, akalizungusha, akaja kulisimamisha mbele ya dogo. Akaanza kufunga: chuma, pini, minyororo, waya.

"Humu ndani nimekwisha kutengeneza mimi," Darrin akasema. "Gia iko huru. Twende, watu wanatuangalia."

Ardith akamwinulia kiganja. Akafungua mlango wa gari dogo, akachungulia. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho, mazoea ya mtu anayeegesha mlimani kila siku. Wangeliburuta hivyo, matairi yangekwisha kuungua kabla hawajafika kambini.

Akaionyesha kwa kidole tu.

Darrin akatazama. Akasogea kando, akampisha mama yake.

Ardith akaishusha breki. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameongeleshwa, akachomoa pini na minyororo, akaanza upya mbele ya kituo kizima. Mwenye kofia pana akapita kwa miguu, akasimama, akacheka: "Bibi, leo utamaliza kwe..."

"Shh!" Darrin akamzuia, kifua mbele. "Akifunga haongeleshwi."

Walipofika kambini, Darrin alisimama nje akampigia simu mnunuzi wake. Nadine alimsikia: "Hapana, haliuzwi. Mwenyewe analitumia." Kisha akaingia ndani, akajilaza kwenye kiti kirefu na viatu vyake, akaanza kukoroma kama baba yake kabla giza halijaingia.

Ardith akamvua viatu, akamfunika blanketi. "Na baiskeli msiitoe," akamwambia, ingawa hakusikiwa. Akatia funguo chini ya mto, akapanda kitandani upande aliokuwa akilala Merle, akanyoosha miguu yote miwili, akalala.