Kuhamisha Usukani

Land Rover ilivuka daraja la Mpondwe mwaka wa sitini na nane, vumbi la Beni likiwa bado kwenye kioo chake na usukani ukiwa upande wa kushoto. Kamati ya kanisa la Bwera iliipata kwa magunia ya kahawa kutoka kwa Stanislas, mfanyabiashara wa Butembo, ili nesi Edisa apande nayo milimani kwa akina mama wajawazito. Kabla ya hapo, mama aliyezidiwa na uchungu aliteremshwa kwa machela, wanaume wanne wakipokezana, na wengine walifika barabarani wakati hakuna tena haja ya nesi.

Lakini huku Uganda magari hushika kushoto, na Kongo hushika kulia. Semu, dereva aliyeajiriwa na kanisa, aliiendesha mara moja tu hadi Kasese, akarudi ameapa kutoiendesha tena hivyo. Kila alipotaka kulipita lori la pamba ilibidi amuulize Edisa, aliyekaa upande wa kulia, kama mbele kuna gari.

"Nesi alisema 'pita', halafu akasema 'ngoja'," Semu aliwasimulia watu. "Katikati ya pita na ngoja, mimi nimeona mbingu na milango yake."

Mzee Syahuka, mwenyekiti wa kamati, akakata shauri: usukani uhamishwe kulia. Stanislas hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwapa hadi Jumamosi. Mkishindwa, alisema, nirudishieni gari langu, mchukue kahawa yenu, kuna mtu wa Beni analingoja.

Kazi ya chuma alipewa Anselme, fundi mnene kutoka Butembo, aliyekimbia vita miaka minne nyuma na kufungua gereji yake kando ya soko. Kazi ya ndani ya gari alipewa Feresita.

Feresita alikuwa na miaka ishirini. Shule aliiachia darasa la tano, akaketi kwenye cherehani ya shangazi yake, na kwa mikono yake turubai za malori mengi ya Bwera zilikuwa zimepona. Maneno yalimpa taabu. Watu wakikusanyika, yeye hutazama vidole vyake na kujibu kwa kichwa. Edisa hakujali hilo.

"Mwanangu, nipangie hili gari," nesi alimwambia. "Nataka nikinyoosha mkono gizani ndani ya nyumba ya mtu nishike kile ninachotaka. Ukiweza, nitaomba kamati upande na mimi, uwe msaidizi wangu. Mdomo ninao mimi. Mikono ndiyo imenipungukia."

Feresita aliitikia kwa kichwa tu. Ila tangu siku hiyo hakutaka jambo jingine duniani.

Alianza kwa kupima. Alipima chupa za dawa, taa ya kandili, beseni, mizani ya watoto, hata mkono wa Edisa kuanzia bega hadi ncha ya kidole. Nyuma ya viti akatundika turubai yenye mifuko, kila chupa na mfuko wake, umebana kama soksi, ili zisigongane kwenye mawe. Chini ya mabenchi seremala alitengeneza masanduku mawili ya mvule. Feresita akayatandika blanketi kuukuu na kuyafunga kwa mikanda, kwa sababu alijua kwamba kufuli hupotea na mkanda haupotei. Machela ilifungwa darini. Kisanduku cha chuma kilichokuwa chini ya kiti cha kushoto, ambamo wengine huweka spana, akakisafisha kwa sabuni akakiwekea vifaa vya kuzalisha, vimefungwa kwa kitambaa cheupe. Spana zilihamia nyuma. Anselme alinung'unika juu ya spana zake kwa siku nzima.

Kwa kazi yake mwenyewe fundi hakuwa na wasiwasi. "Iko mwepesi," alisema. "Hii chasis iko na matundu pande zote mbili. Wazungu walijua. Unatoa kushoto, unafunga kulia, basi."

Akatoa kushoto, akafunga kulia. Palipokataa, alikata chuma akakichomelea upya. Jumanne saa tano alizungusha usukani, akaona magurudumu ya mbele yanasogea, akaridhika. Hakutazama yanasogea kuelekea wapi.

Watu wa kamati walikuja kuona. Semu akapanda kwa madaha, akawasha, akakunja kulia ili aingie barabarani. Gari likaenda kushoto. Akakunja kulia zaidi, nalo likazidi kwenda kushoto, likapita katikati ya mihogo ya mke wa mchungaji na kusimama likiwa limeukumbatia mgomba.

Hakuna aliyeumia. Semu alishuka polepole, akaufunga mlango kwa adabu.

"Volan iko muzuri," Anselme alisema kabla hajaulizwa, akiupigapiga usukani. "Ni dereva ndiye haiko muzuri."

"Fundi, nimekunja kulia. Mkono huu ninaolia ugali wa bundu ndio wa kulia. Au kule Butembo mnalia bundu kwa mguu?"

"Mutu anazoea. Ukitaka kwenda kulia, kunja kushoto. Wiki mbili, kichwa inazoea."

"Na kabla kichwa hakijazoea," akauliza mzee Syahuka, "tutazika wangapi?" Akautazama mgomba ulioanguka, kisha akasema mbele ya wote kwamba kamati itakutana Jumamosi, na kama gari halijanyooka litarudi ng'ambo.

Alasiri hiyo Anselme alilala chini ya gari. Alijaribu kugeuza mkono wa katikati, ule unaopokea fimbo kutoka kwenye boksi la usukani. Fimbo ikagonga injini. Akarudisha kama ilivyokuwa, akakaa juu ya tairi kuukuu.

Feresita alikuwa ndani ya gari, akishona. Kupitia mlango uliokuwa wazi alilitazama lile boksi, mzigo mdogo wa chuma chini ya mti wa usukani, na mkono wake mfupi uliotokeza pembeni. Alilitazama kwa muda mrefu. Kitu fulani kilimkera, kama mshono uliopinda unavyomkera mtu hata kabla hajajua umepinda wapi. Kisha akajua.

Kumwambia Anselme ndiyo ilikuwa shida. Fundi wa miaka yote hiyo, na yeye ni msichana wa cherehani. Angeanzia wapi? Lakini nyumbani alikuwa na koti la kazi la fundi huyo huyo, alilopewa alishone begani, koti gumu lenye viwiko vilivyokatwa kwa mkunjo. Alilifumua mikono yote miwili. Wa kushoto akautia bega la kulia, wa kulia akautia bega la kushoto, akashona vizuri kabisa, mshono ulionyooka.

Jumatano asubuhi alimpelekea. Anselme alilivaa huku akizungumza na Semu. Mkono wa kwanza ukaingia nusu. Alipoulazimisha wa pili, mabega yakapanda masikioni na viwiko vikataka kukunjika kwenda nyuma.

"Fundi," Semu alisema, "unataka kuruka?"

"Mama, umelewa?" Anselme alimuuliza Feresita. "Hii mukono iko nyuma-nyuma."

"Ndiyo, Papa Anselme." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikusimama. "Ni mkono wa kushoto. Nimeufunga kulia. Tundu la bega lipo pande zote mbili, na nimeshona vizuri. Ila mkono wenyewe ulikatwa uwe wa kushoto." Akanyoosha kidole kwenye boksi la usukani.

Anselme alimtazama, akalitazama boksi. Kisha alijilaza chini akaingia chini ya gari, koti likiwa bado limemkaba. Walimsikia akipumua kule chini. Alipotoka alikuwa na grisi hadi kwenye nyusi.

"Butembo yote, Beni yote, sijashika boksi ya mukono ingine," alisema. "Kule zote ni za kushoto. Nilifikiri Mungu aliumba moja tu." Akajaribu kuvua koti, likagoma, Semu akamsaidia kulivuta. "Nani alikufundisha wewe?"

"Nilikosea mara moja. Shati la bwana harusi."

Anselme akacheka hadi tumbo likatikisika.

Kujua kosa hakukuwaletea boksi la kulia. Semu alikwenda Kasese Alhamisi, akarudi na jibu kwamba kipuri hicho kitaagizwa Kampala, na safari yake ni wiki sita. Mzee Syahuka aliposikia alitikisa kichwa. Edisa alianza kuhesabu chupa zake ili azitoe kwenye mifuko.

"Usizitoe, Nesi," Feresita alisema.

Semu ndiye aliyekumbuka. Pale Kikorongo, njia panda, nyuma ya hoteli ya chai ya mtu aitwaye Byaruhanga, kulikuwa na Land Rover iliyokufa injini tangu mwaka wa sitini na mbili. Gari la huku huku, usukani kulia. "Lakini siku hizi lina wenyewe," alisema. "Ni nyumba ya kuku."

Ijumaa alfajiri Feresita na Anselme walipanda lori la pamba. Byaruhanga aliwapokea kwa chai, akasikiliza, akakataa.

"Kuku wangu wanataga humo. Mkianza kugonga, wataniacha waende kutaga kwa jirani."

"Tunataka chuma moja tu, mzee," Anselme alisema. "Kuku haiendeshi."

"Hata mimi siendeshi, na gari ni langu."

Anselme alibishana kwa nusu saa na kila neno lilizidi kumfanya mwenye gari awe mgumu. Feresita hakukaa nao. Alizunguka lile gari. Nyuma, penye mlango uliong'oka, palining'inia gunia lililoraruka chini, na kando yake manyoya yalikuwa yametapakaa. Alirudi, akamkatiza mtu mzima kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mzee, nguchiro amechukua kuku wangapi mwezi huu?"

Byaruhanga akaweka kikombe chini. "Tisa."

"Nitakushonea mlango wa turubai. Mara mbili, na waya kwenye pindo, ufungwe kwa mikanda. Nguchiro hatapita. Na chuma tutakifungua sasa, wakati kuku wako nje wanakula. Jioni wakirudi hawatajua."

Byaruhanga alimtazama msichana, akatazama gunia. "Shona kwanza," alisema.

Feresita alishona kwa sindano ya mkono, amekaa chini kwenye vumbi, malori yakisimama na kuondoka barabarani. Turubai alikuwa amekuja nayo; alijua kwamba mtu haendi kuomba mikono mitupu. Ilipofika saa saba mlango ulikuwa umefungwa, na Byaruhanga aliuvuta kwa nguvu zake zote bila kuung'oa.

Hapo likazuka jingine. Gari lilikuwa limezama ardhini hadi karibu na ekseli, na tumbo la Anselme halikuweza kupita. Alijaribu upande huu na ule. Akabaki amekaa, spana mkononi, uso umemshuka.

"Niambie nifungue zipi," Feresita alisema, akajifunga kanga kiunoni na kuingia.

Chini kulikuwa na mavi ya kuku na siafu. Anselme alilala kifudifudi nje, akimwelekeza: ile ya juu, hapana, ingine, mimina mafuta ya taa, ngoja. Bolti nne zilitoka. Ya tano ilikataa. Alipiga nyundo hadi ngozi ya vidole ikachubuka, akamimina mafuta ya taa, akangoja, akapiga tena. Siafu walimwingia shingoni.

"Toka, mama, upumzike," Anselme alimwambia.

"Nikitoka sitarudi tena," alijibu kutoka chini. "Nipe spana ndefu."

Akaiweka, akaikanyaga kwa miguu yote miwili akiwa amelala chali, akasukuma. Ilipoachia ililia kama mlango wa jela. Byaruhanga aliyekuwa hotelini akaja kuona ni nini kimevunjika.

Jioni, gerejini Bwera, waliyaweka maboksi mawili chini, la Kongo na la Kikorongo. Yalikuwa sawa kwa kila kitu, ila yalitazamana kama viganja vya mtu mmoja. Anselme aliyatazama, akavua kofia, na usiku huo huo akalifunga la Kikorongo.

Jumamosi saa sita kamati ilikuwa gerejini, na Stanislas naye alikuwa amevuka daraja, amevaa viatu vya mtu wa kurudi na gari, si vya kutembea. Semu alipanda. Safari hii hakuwa na madaha. Alikunja kulia, gari likaenda kulia. Akakunja kushoto, likaenda kushoto. Mzee Syahuka hakutosheka. Alimtaka ateremke hadi mto Lhubiriha kwenye mawe, mifuko yote ikiwa imejaa, kisha arudi. Waliporudi, mzee mwenyewe alizitoa chupa moja moja na kuziinua kwenye jua. Hakuna iliyopasuka.

"Mutu wa Beni atatafuta ingine," Stanislas alisema, akashika njia ya darajani kwa miguu.

"Basi," alisema mzee Syahuka, "gari tunalo. Sasa msaidizi wa Nesi. Kamati ilikuwa inamfikiria kijana wetu Nuwa, maana amemaliza darasa la saba."

Watu walikuwa kama ishirini. Feresita alihisi macho yanamchoma ingawa hakuna aliyemtazama. Edisa alifungua kinywa ili aseme kwa niaba yake. Feresita akamshika mkono.

"Naomba niwe mimi," alisema.

Mzee akageuka. "Wewe umeishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Watoto wanaozaliwa wanaandikwa. Utaweza?"

"Jina la mama, siku na kijiji naandika. Uzito nasoma kwenye mizani. Nikishindwa neno, Nesi atanifundisha, nami sitaliuliza mara ya pili." Alivuta pumzi. "Na gari likikwama chini, najua kuingia."

Anselme akakohoa. "Mimi sijui kuingia," alisema. "Na kosa ya boksi, yeye ndiye aliona."

Mzee Syahuka alivitazama vidole vya Feresita vilivyofungwa kitambaa, kisha akamtazama Nuwa, aliyekuwa amesimama na shati jeupe. Nuwa alisogea nyuma hatua moja mwenyewe.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," mzee alisema. "Dereva hamngojei mtu."

Jumatatu hiyo Land Rover ilishika barabara ya Mpondwe, ikapinda kulia, ikaanza kupanda milima ya Ihandiro kwa gia ya kwanza. Semu hakumuuliza mtu kama mbele kuna gari. Feresita, kiti cha kushoto, alikuwa akisema kwa sauti ya chini majina ya vijiji vilivyokuwa mbele yao, ili asikosee kuyaandika.