Volkano Kwenye Bariere

Asubuhi moja ya Mei 2003, pale Bunia, Godelive alikuwa anageuza mandazi kwenye bariere, kizuizi cha wenye bunduki kwenye njia ya Tchomia. Alikuwa amesukuma maiti mbili kando ili meza yake isimame sawa. Vijana wa bariere walipenda mandazi ya moto. Kuua kunaleta njaa, hata asiyesoma anajua.

Chini ya meza, ndani ya gunia la unga, alikuwemo mume wake Anaclet, wa kabila lililokatazwa kuishi mwaka ule. Alisubiri nafasi ya kuvuka bariere hadi kambi ya wakimbizi.

Ndipo volkano ikafika kutoka upande wa ziwa, kwa miguu. Ilikuwa ya aina ile kubwa kabisa, ya kufunika dunia kwa majivu, lakini njia ilikuwa imeikondesha, ikabaki na urefu wa nyumba ya bati. Ilikuwa inakimbia vita kama watu wengine. Gérard, mkubwa wa bariere, akainyooshea bunduki.

"Weye, kabila gani?"

"Sina kabila."

"Kila kitu iko na kabila. Na utapasuka tena?"

"Sijue. Nilipasuka mara moja, zamani, mbele watu hawajakuwa."

Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha panga. "Mara moja tu, muzee? Siye tunapasuka kila asubuhi mbele ya kunywa chai."

Godelive akainamia gunia, akamnong'oneza mume wake. "Papa Vanessa, ingia mule."

"Iko moto."

"Na huku inje njo iko baridi?"

Vijana wakiwa bado wanacheka, Anaclet akaingia kinywani mwa volkano. Moto ukasogea kidogo, kama mtu kwenye benchi la kanisa.

Gérard hakuwa mjinga; aliona gunia la unga limelala tupu. Alipiga hodi kwenye jiwe, akasalimia taratibu kwa lugha ya mama yake Anaclet.

Sasa, Anaclet alilelewa vizuri. Kwao, kuacha salamu bila jibu ni matusi. Akaitika.

Walimvuta kwa miguu. Hakuwa ameungua hata unywele. Mapanga yalifanya kazi mpaka mafuta ya mandazi yakawa mekundu, na Gérard akamwambia Godelive abadilishe mafuta. Volkano iliruhusiwa kupita.

Leo iko nyuma ya kambi, akina mama wanapikia maharage juu yake. Wataalamu walishuka na ndege, wakapima joto lake, wakatangaza kwamba haitapasuka tena, watu walale.

"Na ile ya njiani, haitapasuka tena?" Godelive aliwauliza.

"Ipi, mama?"

"Yenye iliniulia bwana."

"Ile iko bariere, mama. Siye ni watu wa volkano."

Wakaaga haraka, maana jioni njia ile ya bariere haipitiki.