Barua Isiyo na Mstari wa Bluu

Saa tano asubuhi sikuwa nimetulia hata kidogo. Mfukoni nilikuwa na barua ya walimu kwa mkuu wa shule, tukitaka mlinzi wa geti, anayeshika ufunguo wa maabara, aachishwe kazi kwa sababu darubini ya maabara ilipotea kwenye zamu yake. Niliiandika mimi, na wenzangu saba walishatia saini. Mkuu aliitaka saa sita.

Darasani tulikuwa kwenye somo la hoja. Utaratibu wetu ni mmoja: penseli nyekundu chini ya dai, ya bluu chini ya ushahidi. Nikainakili barua ile ubaoni, mlinzi nikamfanya mtunza stoo na darubini nikaifanya mizani. Kusema kweli, nilitaka kusikia kwamba imeandikwa vizuri.

Nikapita kati ya madawati. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Binti wa mbele, ambaye wenzake humwita Wakili, aliinua kichwa.

"Mwalimu, hii ya bluu leo iko likizo?"

Darasa likacheka. Nikamwonyesha sentensi isemayo kila mtu anajua kwamba mtunza stoo husinzia kazini.

"Basi atajwe mmoja tu aliyemwona," akasema. "Mmoja atatutosha."

Tukapekua mstari kwa mstari. Mizani imepotea: bluu. Ufunguo anao yeye: bluu, mpaka mmoja alipouliza kama hakuna mwingine mwenye nao. Hapo nikaukumbuka ufunguo wa pili wa maabara, ule tunaoutundika kwenye msumari chumba cha walimu, na anayeutaka huuchukua tu.

Kipindi kilipoisha nikaenda kwa mkuu. Mlinzi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia mapajani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

Nikamweleza mkuu habari ya msumari, kisha nikalikata jina langu kwenye barua mbele yake.

"Wewe uliyeandika ndiye unayerudi nyuma?"

"Tumesaini watu wanane, mkuu, na hakuna aliyeona kitu."

Alisema wenzangu hawatanisamehe, na huenda mzee ni mwizi kweli. Nikakubali kwamba yote mawili yanawezekana. Akamtuma karani amwambie mlinzi arudi getini kwanza, kisha akamwagiza awaite wenzangu wote saba waliosaini.

Nilibaki nimesimama, nikisikiliza viatu vyao vikikaribia.