Redio ya Kuzungumza na Mtaa wa Chini

Fundi alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akitafuta tundu la kupitishia waya. Gari lilikuwa la dada yake, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, nalo lilikuwa limezeeka kiasi cha kustahili kustaafu naye. Mwalimu alisimama pembeni akimmulikia tochi. Fundi akisema kushoto, yeye alimulika kulia.

"Usichukue umeme kwenye tundu la kuwashia sigara," Mwalimu alisema. "Waya zitoke moja kwa moja kwenye betri."

"Dada, mimi nafunga redio za magari tangu sijaota ndevu."

"Hizo ni za kusikiliza muziki. Hii inaongea."

Ilikuwa redio ya upepo. Baada ya kustaafu, Mwalimu alikuwa amefanya mtihani, akapewa leseni na namba ya kituo, akaanza kuzungumza hewani na watu asiowajua: mchinjaji wa kisiwani, nahodha aliyeuza meli yake, mtawa mwenye kikohozi. Nyumbani haikuwezekana tena. Sauti yake ilikuwa ikitokea kwenye televisheni za majirani katikati ya mpira, na mara moja ilisikika kama ndiye mwamuzi. Majirani walikuja kumwomba kwa adabu aache. Ndiyo maana redio ilihamia garini.

Fundi alivuta waya mbili nene kutoka kwenye betri, nyekundu na nyeusi, kila moja na fyuzi yake karibu na chanzo. Akazipitisha kwenye mpira wa ukuta wa injini ili zisichunwe na bati. Redio yenyewe akaifunga kwa boliti chini ya kiti cha abiria. Alipotoboa paa ili asimamishe antena, Mwalimu aligeuza uso pembeni, kama mzazi ambaye mtoto wake anachomwa sindano. Kisha Fundi akakwangua rangi kwenye bawaba za boneti, akaunganisha boneti na bodi kwa mkanda wa waya za shaba, na ekzosi vivyo hivyo, ili injini iache kuimba ndani ya redio. Mwisho akawa anaikata antena kidogo kidogo, jicho kwenye mshale wa kipimo cha mawimbi, mpaka mshale ukalala, dalili kwamba redio inarusha sawasawa.

"Sasa tutafute mahali pa wazi," alisema.

Mahali pa wazi palipokuwa karibu ni bwawani. Barabara ya zamani ya kwenda Mtaa wa Chini iliteremka vilevile kama zamani, ikapita kibao cha kuonya mwendo kasi, ikaingia majini. Fundi alisimamisha gari hapo, pua ikitazama maji.

Mtaa wa Chini ndiko walikozaliwa. Bwawa lilipojengwa, wakazi waliahidiwa kuhamishwa, na baadaye ilitangazwa kwamba wote wamehamishwa salama. Mama yao hakuonekana. Walipouliza ofisi ya bwawa, waliambiwa kwamba asiyeonekana amehamia kwingine kwa hiari yake. Walisubiri atume salamu kutoka huko kwingine. Hazikuja, na wao wakazoea, kama mtu anavyozoea saa iliyosimama ukutani.

Mwalimu alishika kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akataja namba yake ya kituo, akaomba yeyote anayemsikia ajibu. Akasema ova. Akaachia kitufe.

"Nani huyo anapiga kelele kwenye redio yangu?" sauti ilijibu. "Nasubiri taarifa ya habari."

Alikuwa Mama.

Fundi alitazama kipimo. Mshale ulikuwa mahali pake. Alijua kwamba mawimbi ya redio hayapendi maji, akafikiri labda ni kwa vile maji yale hayana chumvi. Akapunguza sauti kidogo, maana ilikuwa inakwaruza.

"Shikamoo, Mama," Mwalimu alisema. "Uko wapi? Ova."

"Marahaba. Niko nyumbani. Nikae wapi tena? Na ova ndiye nani?"

"Ni neno la kuonyesha nimemaliza kusema."

"Mimi ukinyamaza najua umemaliza."

Mama alisema hajambo. Redio yake ya jikoni, ile ya kwenye rafu, ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, na leo imezungumza. Jiko haliwaki, lakini hasikii njaa. Nguo hazikauki. Samaki wanaingia kabatini, amechoka kuwafukuza. Seremala wa jirani hajambo pia, ila vitanda vyake vyote vilielea, kwa hiyo sasa analala darini na inabidi kumwita kwa kupiga ufagio juu.

"Mama, mbona hamkuondoka?" Fundi aliuliza.

"Tulikuwa tayari," Mama alisema. "Walikuja vijana wenye kofia, wakatuambia tufunge mizigo, king'ora kikilia tupande juu. Tukafunga. Tukakaa mlangoni na mabegi, mtaa mzima. Watoto walivalishwa viatu. Tukasubiri king'ora."

"Halafu?"

"Hakikulia."

Mwalimu alibonyeza kitufe. Alitafuta kilio ndani yake, akakuta pamenyamaza tu.

"Mimi nilikuja siku ile," alisema. "Askari akanizuia pale juu. Akasema mmeshaondoka wote."

"Ukamwamini?"

"Alikuwa na filimbi, Mama."

"Basi sawa," Mama alisema. Hakusema kwa ukali.

Habari zilisambaa. Binti wa seremala alikuja na gari lake dogo, akataka antena. Mwenye duka la vitambaa, ambaye mkewe alikuwa chini na mapacha, alileta gari la mizigo, na Fundi akamfungia redio nyuma ya kiti cha dereva kwa sababu mbele palijaa marobota. Wengine wakafuata. Kila Jumamosi alasiri magari yalipanga foleni kwenye barabara ya zamani, antena zimesimama kama mabua baada ya mavuno. Mwalimu aligawa zamu na kuwafundisha kuachia kitufe wanapomaliza kusema. Wengi walizungumza mambo ya kawaida. Mke wa mwenye duka alimuuliza mumewe kama ameoa. Alijibu kwamba hajaoa. Akaambiwa akate nywele, maana sauti yake inasikika kama ya mtu asiyekata nywele.

Wote wa chini, walipoulizwa, walisema jambo moja: mabegi yalikuwa mlangoni, na king'ora hakikulia.

Afisa Habari wa bwawa alifika Jumamosi moja, shati limepigwa pasi, amebeba kiti cha kukunja. Aliomba asikilize. Mwalimu akampa kipaza sauti.

"Shikamoo, mama," Afisa alisema. "Poleni na hali ya huko."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Nauliza tu, kile king'ora kiliharibika?"

"Hapana, mama. Kilikuwa kizima kabisa. Kilizimwa kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anahutubia."

"Aha."

"Hotuba ilikuwa imepangwa kuwa fupi. Ikawa ndefu."

"Aliongea nini?"

Afisa alifikiri. "Maji," alisema.

Mama alishukuru kwa kujibiwa. Hakuna aliyekuwa amemjibu kabla ya hapo.

Fundi, aliyekuwa anakaza nati ya antena ya mtu mwingine, aliweka spana juu ya paa. "Kwa hiyo mlijua wako kule," alisema.

"Ofisi ilikuwa na taarifa hiyo," Afisa alijibu.

"Mkatuambia wamehama kwa hiari."

"Ndiyo maneno tuliyopewa."

Mwalimu aliuliza lalamiko lipelekwe wapi. Afisa alieleza kwa upole kwamba lalamiko hupokelewa kutoka kwa mkazi. Akakunjua ramani mpya juu ya boneti, akaonyesha kwa kidole. Palipokuwa Mtaa wa Chini palipakwa rangi ya samawati, na maji, alisema, hayana wakazi. Mwalimu aliitazama kwa muda. Alikuwa amefundisha ramani maisha yake yote. Kipimo kilikuwa sahihi, kaskazini ilikuwa kaskazini, na hapakuwa na kosa lolote la kusahihisha.

"Sasa wale wanaozungumza ni nani?" aliuliza.

"Ni wao," Afisa alisema. "Sikatai. Nasema tu hawapo kwenye ramani."

Akakunja ramani na kiti chake, akaomba watu wapunguze sauti kwa sababu ya watalii wa upande wa pili. Akaondoka. Baadaye walisikia amepandishwa cheo, na yeyote aliyekutana naye mjini alimpongeza, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

Waliendelea kuja. Mwalimu alimsimulia Mama harusi za ndugu na bei ya vitu. Mama alimrekebisha jinsi ya kutibu kiungulia. Fundi hakuwa msemaji. Zamu yake ikifika alibonyeza kitufe na kukaa, na Mama alimjua kwa pumzi. "Wewe umekonda," alikuwa anasema, na kweli alikuwa amekonda.

Kwenye ukuta wa bwawa wajenzi walianza kuongeza zege ili uende juu zaidi. Mahema meupe ya uzinduzi yalisimamishwa, viti vikafunikwa vitambaa. Siku ya uzinduzi muziki wa bendi ulifika mpaka kwenye foleni ya magari, kisha ukakatika, na mtu akaanza kuhutubia.

Mama alikuwa katikati ya habari za seremala alipojikatiza.

"Leo huku pana giza kuliko kawaida," alisema. "Maji yanaongezeka juu yetu. Mmeambiwa?"

Fundi alishusha kioo, akachungulia. Maji yalikuwa yamefunika tairi za mbele nusu. Yalikuwa yamekuja bila sauti, huku juu yake vikielea vipande vya majani makavu na kandambili moja ya mtoto. Kule ukutani hotuba iliendelea. Watu walipiga makofi.

"Hatujaambiwa, Mama," Fundi alisema.

"Basi rudisheni gari nyuma."

Alitia gia. Binti wa seremala naye akarudi nyuma, na mwenye duka la vitambaa, na wengine mpaka mwisho wa foleni, taratibu, wakiangalia vioo wasigongane. Hakuna aliyepiga honi. Walipofika kwenye lami kavu walizima injini, zisije zikaimba ndani ya redio.

"Mko?" Mama aliuliza.

"Tuko," Mwalimu alisema. "Endelea. Ova."