Lete Nikupokee

Jumapili moja, Peris Mghoi alipopewa mapumziko ya mchana, alipanda basi kutoka Peckham, mtaa wa Landani, hadi kwenye kanisa kuu la zamani karibu na mto. Hakwenda kusali, ibada alishaisikia redioni akimlisha uji Mzee Linus, mgonjwa anayemtunza. Alikwenda kutazama paa. Kwao Wundanyi baba yake alikuwa fundi mawe, na mtoto wa fundi haingii kwenye jengo bila kuangalia juu.

Paa lilistahili safari. Nguzo zilipanda nyembamba, zikagawanyika kuwa mbavu za mawe, na mbavu zikakutana huko juu kwenye matao yaliyochongoka. Mwanga wa vioo vya rangi ulimwagika sakafuni. Mama mmoja wa kujitolea aliyekuwa akiwatembeza wageni alieleza kwamba kila jiwe pale limebanwa na jirani yake, ndiyo maana paa halijaanguka karne zote hizo. Hakuna jiwe linaloweza kutoka.

Hilo Peris hakuhitaji kuelezwa. Pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa Anselm, mtoto wa Mzee Linus, mtu wa kwao kabisa, aliyemleta Landani amtunzie baba yake, kisha akaichukua isije ikapotea. Tangu mama yake aanze kuumwa huko nyumbani, Peris alikuwa akiiomba aende kumwona. Anselm, kwa upole wake ule unaoudhi, humwambia wataongea wiki ijayo.

Pembeni, chini ya ubavu mmoja wa paa, palikuwa na mtu wa jiwe, mashavu yamevimba, meno nje, uzito wote wa upande ule ukiwa mabegani mwake. Peris alimwambia bila kufikiri, kama anavyomwambia yeyote anayemkuta na mzigo:

"Pole na kazi. Lete nikupokee."

Kwao anayeambiwa hivyo hukataa kwanza, hata kama mgongo unakatika. Mtu wa jiwe hakulelewa Wundanyi. Alimpa.

Alishuka, akajinyoosha, akauliza naye amsaidie nini, maana aliyepokewa hawezi kukaa bure. Peris alimwelekeza kituo cha basi na nyumba, akamweleza dawa za mzee na namna ya kumgeuza kitandani. Akamwomba pia amuulize Anselm habari ya pasipoti. Kisha akabaki ameshika paa.

Lilikuwa zito, ila halikumwita kila dakika. Wageni walimpiga picha. Mmoja alisifu jinsi fundi wa zamani alivyojua kuchonga uchovu, na mama wa kujitolea akakubali kwamba ni kazi nzuri. Peris alimkumbuka mama yake. Alitaka kufuta machozi, lakini mikono ilikuwa na kazi.

Kanisa lilipokaribia kufungwa, mtu wa jiwe alirudi. Alikuwa na ufa mpya begani, na uji umemkaukia kifuani.

"Nirudishie paa langu," alisema.

"Pasipoti umepewa?"

"Nimeomba. Amesema tutaongea wiki ijayo."

Akajipenyeza haraka chini ya ubavu wake, kama mtu anayerudi kitandani siku ya baridi, wala hakuaga. Peris alifuta mavumbi kwenye koti akaenda kungoja basi.

Anselm alimfungulia mlango akiwa na furaha. Alimpongeza kwa kazi ya mchana ule, kana kwamba ni yeye aliyeshinda nyumbani.

"Leo umenifurahisha, dada Peris. Hukula, hukukaa chini, hukununa. Uwe hivyo hivyo."

Alifunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni, kama kila jioni, kwa usalama. Peris alivua koti akaingia chumbani kwa mzee. Mzee Linus, ambaye macho yake hayaoni tena, alimshika mikono akaipapasa polepole.

"Yule mwenzako mwenye mikono ya baridi," alisema, "ameenda wapi?"

"Amerudi kwao, baba," Peris alijibu, akamgeuza upande wa pili.