Madirisha Mawili

Kama kuna jambo unamficha fundi mapazia, usiende naye dukani kununua kitu cha kutundikwa ukutani. Mdogo wangu Awadhi hakulifikiria hilo. Ana akili ya kutoa makontena bandarini kwa karatasi zenye mihuri kumi na minne, lakini alinichukua mimi, Mboni, niliyepima kila ukuta wa nyumba yetu kwa futi hii hii iliyo shingoni mwangu, akanipeleka Kariakoo nikamchagulie skrini ya projekta.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa kwenye cherehani chumbani mwangu, pale Gerezani, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Chumba hicho ndimo ninamolala na ndimo ninamoshonea. Nilirudi humo miaka kumi na moja iliyopita, ndoa yangu ilipovunjika, na Mama akanikabidhi ufunguo mbele ya Awadhi, akasema, "Hiki chumba cha Mboni. Asije mtu akamsumbua." Wateja wangu wote wananijua hapo. Wauza vitambaa wa Kariakoo wakishauza pazia humwambia mnunuzi aende kwa Mboni, nyumba ya mlango wa buluu, dakika kumi kwa miguu. Nihamishe hapo, hata mitaa mitatu tu, na mkono wangu huu hautakuwa na kazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo Ijumaa imekuja Jumamosi?"

Alicheka. Awadhi anakaa Upanga na mkewe, na nyumbani tunamwona Ijumaa tu baada ya swala, anakula, anaondoka. "Vaa tutoke," akasema. "Nataka niweke sinema ya nyumbani pale sebuleni. Projekta ninayo, spika ninazo. Skrini ndiyo inanitoa jasho. Naingia dukani naoneshwa vitambaa, vyote naona shuka tu. Wewe ndiye mtu wa vitambaa."

Nilifurahi, sitaficha. Niliona mdogo wangu anarudi nyumbani. Nilishona sare zake zote tangu darasa la kwanza, na leo ananihitaji tena kwa kazi ya mikono yangu. Mama alikuwa kibarazani anachagua mchele. "Nenda mwanangu, kamsaidie mwenzio," akasema, macho kwenye ungo. Nikadhani mchele una mawe mengi.

Duka la Kishor liko ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey, juu ya wauza nyaya na taa. Namjua siku nyingi. Nimemshonea mapazia ya nyumbani kwake mara mbili, na mara zote mbili mkewe alinipa sambusa za kubeba. Alikuwa amezima taa za chumba cha nyuma na kutundika vipande vitatu vya kitambaa, huku projekta ikirusha picha ya samaki wa rangi rangi juu yake.

"Dada Mboni, leo umeletwa kunitesa," Kishor akasema.

"Nimeletwa kukagua," nikamjibu.

Nikakagua kweli. Kipande cha kwanza kilikuwa cheupe cha kung'aa. Ukikaa katikati unafurahi, ukisogea pembeni samaki wanafifia. Nikakitoa. Nikavuta cha pili kwa vidole, kulia na kushoto, kuona kama kinalegea, maana kitambaa cha kulegea baada ya miezi sita kinaota tumbo na kila mtu kwenye picha anakuwa mnene. Hakikulegea. Nikakigeuza nyuma, nikaona mgongo mweusi usiopitisha mwanga. Kilikuwa cheupe kisichong'aa, kimetulia. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kizuri pia, lakini Kishor akanieleza kuwa hicho ni cha chumba chenye jua, kinasaidia weusi wa picha ubaki mweusi hata mchana.

"Sebule yetu haina jua," nikamwambia. "Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, tangu ajenge ghorofa tunawasha taa saa sita mchana. Cheupe hiki kinatosha, na bei haitamuumiza."

Awadhi alikuwa anabonyeza simu. "Sawa, cheupe," akasema.

"Na pazia la dirisha nitakushonea mimi, zito kabisa. Zawadi yangu."

"Yote mawili dada, usisahau."

"Yapi mawili?"

"Madirisha."

"Sebule ina dirisha moja, Awadhi."

Akanyanyua uso. "Eh, moja. Nimechanganya na Upanga."

Nikamcheka. Nilimwambia mtu akihama kwao hata madirisha yanamsahau. Naye akacheka, kicheko cha haraka, akamgeukia Kishor wakaanza habari ya ukubwa. Akataja inchi mia na hamsini.

Mimi inchi na sentimita nazigeuza kichwani usingizini. Inchi mia na hamsini ni mita tatu na themanini. Ukuta wa sebuleni unaotazamana na mlango, kuanzia kona hadi unapokutana na ukuta wa chumba changu, ni mita mbili na tisini. Niliupima mwaka jana nilipobadilisha mapazia ya Idi.

"Haitaenea," nikasema.

Kishor akatabasamu. "Dada, sisi hatupimi kama pazia. Inchi zetu zinatoka kona ya chini mpaka kona ya juu, kwa mshazari. Hii upana wake ni mita tatu na thelathini na mbili, halafu kuna fremu."

"Bado haitaenea. Ukuta ni mbili na tisini."

"Itaenea tu, dada," Awadhi akasema. "Mafundi watajua pa kuiweka."

"Mafundi watajua nini ambacho mimi sikijui? Unataka ikunje kona?" Nilianza kupandwa na hasira kidogo, ile ya kazi, ya kuona mtu anaharibu kitu kizuri kwa ubishi. Nikavuta futi shingoni, nikaitandaza sakafuni mbele yao. "Ukuta unaishia hapa. Skrini yako inafika hapa. Hiki kinachobaki kinaingia chumbani kwangu."

Kishor alitazama futi, akamtazama Awadhi. Ni mtu mwema, na alidhani anasaidia. "Kwani bosi, ule ukuta hamjauvunja bado? Kwenye mchoro ulionitumia haupo."

Ghafla nikawa nasikia kila sauti, hata ya mpakia mizigo aliyekuwa anaita watu wampishe kule chini barabarani. "Nioneshe huo mchoro," nikasema.

Awadhi akasema, "Dada, twende nje tuongee," lakini Kishor alishafungua simu, na alipotaka kuificha mkono wangu ulikuwa umeshaishika. Ulikuwa mchoro wa kistadi, umepigwa rangi. Sebule ndefu, makochi sita ya ngozi katika safu mbili, skrini imeshika ukuta mzima. Madirisha mawili. Palipo kitanda changu pamechorwa zulia. Palipo cherehani pamechorwa friji dogo la soda.

Nilitoka hadi kwenye ngazi kwa sababu sikutaka Kishor aone uso wangu. Awadhi akanifuata.

"Dada, usichukulie vibaya. Mkataba wa Upanga unaisha mwezi ujao, tunarudi nyumbani. Nina wateja wakubwa, nahitaji pa kuwakaribisha. Hatukutupi. Shangazi kule Masasi yuko peke yake, nyumba kubwa, hewa safi. Utapumzisha mgongo."

Masasi. Tangu baada ya Idi Mama alikuwa akiitaja Masasi kila tunapokula. Mara shangazi yako amezeeka, mara mikorosho imezaa, mara wewe Mboni hizo cherehani zitakuua. Mimi nilijua ni kumbukumbu za ujana wake, nikawa namchekesha nazo.

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyesema nije nawe. Alisema hakuna anayejua vitambaa kama wewe." Akashusha sauti. "Dada, nakuomba usimwambie kama umeshajua. Alitaka akwambie mwenyewe, kwa utaratibu, ukishamaliza mapazia."

Niliumia, nasema kweli. Ningepigwa kofi pale ngazini nisingeumia hivyo. Kunitoa ndani ni jambo moja. Lakini walikaa, mama yangu na mdogo wangu, wakapanga nianze kuchagua kitambaa, kisha nikate, nishone, nipige pasi, ndipo niambiwe. Walijua kwamba nikishaambiwa mkono hautashika sindano, na mapazia waliyataka.

"Ulikuwa unaninyamazia kila Ijumaa," nikamwambia. "Unakula wali wangu unaangalia ukuta."

"Dada, si hivyo."

"Ulikuwa unaupima."

Kishor alichungulia mlangoni, amenywea, mkasi mkononi. Sikumlaumu. Aliuliza kwa upole kama akate cheupe au tuache hadi siku nyingine. Awadhi alitazama viatu vyake.

"Usikate cheupe," nikamwambia Kishor. "Cheupe nilikichagua kwa sebule yetu. Hicho chumba cha kwenye mchoro kinataka cha kijivu. Lile dirisha la pili linatazama mashariki, jua linaingia saa moja asubuhi na halitoki hadi saa tano. Najua kwa sababu linanipiga usoni." Nikarudi ndani, nikaokota futi yangu sakafuni. "Na mapazia mtafute fundi mwingine."

Nilirudi kwa miguu. Njia nzima, katikati ya watu na matoroli, nilikuwa namtetea Mama. Nilijiambia Awadhi kamsingizia, amemtanguliza Mama ili mimi ninyamaze, tangu utotoni ndivyo alivyo, akivunja glasi anasema Mama ndiye aliyemtuma. Nilipofika kona ya mtaa wetu nilikuwa nimeshaamini hivyo. Hata hatua zangu zilikuwa nyepesi.

Mama alikuwa uani, anatia tui kwenye chungu cha samaki. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Mmepata?"

"Tumepata."

"Kizuri?"

"Kizuri. Hapo dukani hakuna kinachokishinda."

Akakoroga, akaonja kiganjani, akaongeza chumvi. "Basi hayo mapazia anza mapema, mwanangu, usije ukabanwa na kazi za watu. Yawe mazito yasiyopitisha jua. Madirisha mawili."

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti yake ya kila siku, ile ile ya kuniuliza kama nimekula.

"Sebule yetu ina dirisha moja, Mama."

Mwiko ukasimama. Mama ameishi katika nyumba hii miaka hamsini. Alikuwa akiyafungua madirisha hayo asubuhi na kuyafunga magharibi kabla mimi sijazaliwa. Alitazama chungu, akatazama mlango wa chumba changu, kisha akarudisha macho kwenye chungu.

"Ni moja au mawili?" nikamuuliza.

Tui lilianza kukatika, na yeye, aliyenifundisha kutoliacha tui likatike, hakupunguza moto.

Nikaingia chumbani kwangu. Nikafunga mlango kwa ufunguo alionipa yeye mwenyewe, nikauzungusha mara mbili. Nilikaa kitandani muda mrefu nikiukodolea mlango macho, ndipo nikakumbuka kwamba mafundi watakaovunja ukuta hawatapitia huko.