Mbwa wa Baba Mkwe

Mbwa alitapika Kitonga, akatapika tena Makambako, na gari lilipoanza kuteremka Tukuyu akaona afadhali anitafune vifungo vya blauzi.

"Dada Tusajigwe," akasema Mansuri, macho barabarani, "mate ya huyo mgeni wako yasinifikie. Nina udhu mimi."

"Na wewe acha kukata kona hivyo. Unamtapisha mwenyewe halafu unalalamika."

"Ningejua ni mbwa, ningewapakia wote wawili nyuma na mitumba."

Muongo! Alijua vizuri sana. Mansuri alikuwa mfanyabiashara wa Mbugani, pale Kyela mjini. Alipeleka mchele Morogoro na kurudi na marobota ya mitumba, maana biashara ilikuwa imeachiwa huru na mwenye gari alikuwa mfalme. Makondakta wa mabasi wote walinifukuza na kikapu changu chenye mbwa. Yeye alicheka tu, akatandika gazeti kitini.

Sikutulia njia nzima. Habari ikinikaa kifuani huwa inaniwasha kama upupu, na hii ilikuwa habari ya maisha yangu. Mchumba wangu Godlove alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Baba yake, huko Matema, ndiye aliyetakiwa kutoa ng'ombe wa mahari, na alishajigamba kijiji kizima kwamba mwanawe ni mtu wa kiwanda. Mzee akisusa, hakuna ng'ombe. Na bila ng'ombe, baba yangu hatoi mtu.

"Nenda wewe," Godlove aliniambia Morogoro, akinipakatisha yule mtoto wa mbwa. Mzee alimwagiza zamani, wa kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo. "Mimi nitamtazamaje mzee?"

Kama vile mimi ningeweza! Kwetu Wanyakyusa baba mkwe hatazamwi. Mchumba wa mwanawe hasimami mbele yake, hamsemeshi, wala jina lake halitaji; mimi mpaka leo silitaji. Lakini nilizaliwa Mbeya mjini, nimesoma chuo cha ualimu, nikadhani mambo hayo yameondoka na bibi zetu. Keziya, dada yake Godlove, aliyekuja kunipokea Kyela, ndiye aliyeniamsha usingizini.

"Wifi, ukimwona baba anakuja, ingia migombani."

"Sasa habari nitampaje?"

"Nipe mimi, nitamfikishia."

"Hii si ya kufikishwa na mwingine."

"Basi kaa nayo ikupasue," akasema, akaangua kicheko.

Matema milima inainuka palepale ziwa linapoishia, mtu huna pa kukimbilia. Keziya akanificha nyuma ya jiko, mgongo kwenye ukuta wa mianzi, akampeleka mbwa mbele. Nilimsikia mzee akikohoa, akimpekua meno, akimsifu kifua.

"We mbwa," akasema, kwa sauti kubwa kuliko anayohitaji mbwa. "Huko ulikotoka, mwanangu hajambo? Mbona hakukuleta mwenyewe?"

Keziya akanichungulia pembeni ya ukuta, macho yamemtoka. Kabla hajasema neno, mbwa akampita mbio, akaja kunirukia. Nikambeba.

"We mbwa," nikasema, "waambie wenyeji Godlove ni mzima. Ila kiwandani wamempunguza. Anaona haya kurudi mikono mitupu. Na mimi…" Hapo ningeweza kuendelea mpaka jogoo awike. "Na mimi bado namtaka hivyohivyo."

Kuku walichakura. Ziwa lilipiga mchanga, likarudi, likapiga tena. Nilianza kuwaza gari la kurudia na uso nitakaompelekea baba yangu. Ndipo nikasikia kigoda kikilia chini ya mzee.

"We mbwa. Mwambie aliyekuleta kwamba ng'ombe wangu hawakuajiriwa kiwandani. Hawajapunguzwa." Akakohoa. "Na huyo mwenye haya aje awaswage mwenyewe. Mimi magoti yananiuma."

Nilikuwa na shehena ya maneno niliyoyapanga tangu Morogoro. Yote yalinipotea. Nikamwinamia mbwa, nikamshukuru kwa kikwetu, polepole:

"Ndaga fijo."

Mbwa alikuwa ameshasinzia mikononi mwangu. Aliyeitikia alikuwa upande wa pili wa ukuta.